Chumvi ya Mashambani na Madeni ya Chama

Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa umwagiliaji wa tambarare za chini za Moshi, Mwanga na Same



 Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie madeni ya pembejeo yasiyolipwa. Nitayazungumzia, lakini kwa njia ambayo huenda baadhi yenu hamkuitarajia, kwa sababu sehemu ya madeni hayo haikuanzia ofisini wala mfukoni mwa mwanachama. Imeanzia udongoni. Kwa hiyo naomba tuzungumze habari ya chumvi.

Mimi si bwana shamba. Kazi yangu ni kukagua vitabu, na haya ya udongo nimejifunza kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye elimu yake. Hata hivyo, mkaguzi ana tabia moja inayofaa katika jambo hili: akiona kitu kimeingizwa ghalani na hakuna hati ya kukitoa, huuliza kiko wapi. Maji tunayoyaingiza mashambani yana chumvi. Maji yenyewe hutoka, kwa kuvutwa na jua na kwa kunywewa na mimea. Chumvi haivutwi na jua, na mimea huchukua kidogo sana. Basi iko wapi?

Tuifanye hesabu hiyo, maana ni nyepesi. Wataalamu hupima chumvi ya maji kwa chombo kidogo kinachoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kadiri chumvi inavyozidi ndivyo umeme unavyopita kwa wepesi zaidi, na kizio chake huitwa desisimensi kwa mita. Kwa kukadiria, kizio kimoja ni sawa na gramu 640 za chumvi katika kila mita moja ya ujazo ya maji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa mwaka 1976 uliosahihishwa mwaka 1985, lilisema kwamba maji yaliyo chini ya 0.7 hayana kizuizi kwa umwagiliaji, yaliyo kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu, na yanayozidi 3 ni ya hatari kubwa.

Chukueni maji mazuri kabisa, ya kipimo cha 0.5. Mnayanywa wala hamuonji chumvi yoyote. Mkulima wa mpunga akiyaingiza katika eka moja kwa kina cha mita moja kwa msimu, na mpunga mara nyingi hutumia zaidi ya hapo, atakuwa ameingiza kama mita 4,000 za ujazo. Ndani yake mna kilo zipatazo 1,300 za chumvi. Hizo ni gunia 26 za kilo 50. Mwanachama huyo huyo alichukua kwetu kwa mkopo mifuko miwili ya mbolea, tukaiandika kwa jina, kwa tarehe na kwa sahihi. Gunia 26 za chumvi hazikuandikwa na mtu.

Kama sehemu ya maji inapenya chini na kupata njia ya kwenda zake, chumvi huondoka nayo, na shamba huweza kulimwa miaka mia bila madhara. Kama maji hayana njia, chumvi hubaki, na msimu ujao huletewa wenzake.

Sasa chumvi hiyo inamdhuru mmea kwa namna gani? Mama anayekatakata vitunguu vya kachumbari hunyunyiza chumvi, na baada ya muda mfupi bakuli linajaa maji. Maji hayo yametoka ndani ya kitunguu, yakavutwa na chumvi iliyo nje. Ndivyo inavyokuwa kwenye mizizi. Udongo wenye chumvi huyashika maji yake, mzizi ukashindwa kuyavuta ingawa umelowa. Mmea unakufa kwa kiu hali miguu yake imo majini. Dalili zake hufanana na za ukame: mbegu huota kwa mabaka, ncha za majani huungua, mmea hudumaa na rangi yake huwa ya kijani kibichi iliyokolea kupita kawaida. Mkulima akiona hivyo husema maji hayatoshi, akaongeza maji. Au husema mbolea haitoshi, akaja ofisini kuomba mfuko mwingine. Mbolea nayo ni chumvi ya aina yake. Deni linaongezeka na ugonjwa unaongezeka.

Mimea haivumilii sawasawa. Maharage ndiyo dhaifu kuliko yote tunayolima hapa: chumvi ya udongo ikivuka kipimo cha 1 tu, kila kizio kinachoongezeka hupunguza mavuno kwa asilimia 19. Vitunguu huanza kupungua kwenye 1.2, kisha hupoteza asilimia 16 kwa kila kizio. Mahindi huanzia 1.7, nyanya 2.5, mpunga 3. Kunde hustahimili hadi karibu 5, na pamba hadi 7.7. Kumbukeni kwamba hivyo ni vipimo vya udongo, na udongo unaomwagiliwa vizuri, wenye njia ya kutolea maji, kwa kawaida huwa na chumvi mara moja na nusu ya ile ya maji yake. Usio na njia ya kutolea maji hauna kikomo. Mpunga nao, ingawa umeandikwa 3, ni mpole sana ukiwa mche na wakati wa kuchanua. Mwenye kuhamishia miche michanga mno katika jaruba lenye chumvi asishangae akirudi baada ya wiki mbili na kukuta matope matupu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nataka tulitazame kwa makini, kwa kuwa linahusu historia yetu wenyewe. Wazee wetu wa mlimani walijenga mifongo kwa ustadi ambao wageni waliustaajabia, na Wapare wakajenga ndiva zao za kukusanyia maji. Hakuna aliyechimba mtaro wa kutolea maji, na hakuna aliyehitaji. Mteremko ulifanya kazi hiyo bure: maji yaliyozidi yalishuka bondeni, na mvua nyingi za juu zikasafisha udongo kila mwaka. Tuliposhuka tambarare tulishuka na elimu ya mfongo. Tulijua kuyaleta maji, lakini elimu ya kuyaondoa hatukuwa nayo. Na tambarare ndiko maji ya mlima yanakokuja kutulia. Mvua ni chache, jua ni kali, na miamba ya volkano ambamo maji hupita ina magadi mengi. Mradi wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ulichorwa na wahandisi pamoja na mifereji ya kuingiza na ya kutoa. Lakini mashamba mengi yaliyofunguliwa baadaye na wananchi wenyewe, juu na chini ya miradi ya namna hiyo, yana mfereji wa kuingiza peke yake.

Wala si sisi peke yetu. Misri imemwagilia kwa maji ya Nile kwa maelfu ya miaka, na gharika ya kila mwaka ilikuwa ikiwaoshea mashamba. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970 gharika ilikwisha, kilimo kikawa cha mwaka mzima, maji ya chini ya ardhi yakapanda na chumvi ikapanda nayo. Serikali yao ililazimika kukopa fedha nyingi kwa miaka mingi kuzika mabomba ya kutolea maji chini ya mashamba. Nchi maskini hulipia mitaro baadaye kwa bei kubwa kuliko ambavyo ingelipa mwanzo.

Ndugu wajumbe, sasa niyarudie madeni. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, bodi iliniletea orodha ya wadaiwa sugu. Walikuwa wamependekeza wanachama hao wanyimwe pembejeo, na mashamba yao wapewe wengine wenye bidii. Mapendekezo yalikuwa yamepigiwa kura na muhtasari umetiwa sahihi. Kwa upande wa taratibu sikuona kasoro. Niliomba kitu kimoja tu, ramani ya mashamba, nikaweka alama ya penseli kwenye namba ya kila mdaiwa. Karibu alama zote ziliangukia kona moja, mwishoni mwa mfereji, upande wa chini. Nikauliza kama uvivu nao hufuata mteremko. Wapo waliocheka, na wapo waliokasirika.

Tulikwenda kuiona kona hiyo. Ardhi ilikuwa nyeupe juu ya matuta kama iliyonyunyiziwa unga, na mahali pengine nyeusi na ngumu. Mjane mmoja aliyekuwa anapalilia kunde alituambia kwamba mumewe alikuwa akilima maharage hapo hapo, kisha mahindi, kisha mpunga. Sasa yeye amebakiwa na kunde. Hakuwa amesoma jedwali lolote la wataalamu, lakini alikuwa amelishuka ngazi moja moja, kutoka mmea dhaifu hadi mmea mstahimilivu. Na kila alipobadilisha zao, chama kilimkopesha pembejeo za zao lililokwisha kushindwa.

Sababu yake ilikuwa ya pamoja, si ya kwake. Wenzake wa juu walikuwa na majaruba ya mpunga yaliyojaa maji usiku na mchana. Maji yanayosimama kwenye jaruba huisukuma chumvi chini, kwa hiyo mpunga wa juu ulikuwa mzuri. Lakini maji hayo yalipenya, yakapandisha maji ya chini ya ardhi, na yakajitokeza kwenye mashamba ya chini. Maji ya chini yakifika kama mita moja na nusu au mbili kutoka juu ya ardhi, udongo huyanyonya kwenda juu kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta ya taa. Jua likayakausha, chumvi ikabaki. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakipiga kura ya kumnyang'anya shamba ndio waliokuwa wakimpelekea chumvi, bila kujua. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaipa bodi wajibu wa kusimamia mali za chama kwa manufaa ya wanachama wote. Sioni jinsi chama kinavyoweza kukusanya ada ya maji kwa mtu wa mwisho wa mfereji sawa na wa kwanza, kisha kikasema maji yanayotoka si kazi yake.

Mapendekezo yale yaliahirishwa. Mtaro ulichimbwa kwa nguvu za wanachama, wengine wakinung'unika. Baadhi ya mashamba yamerudi kwenye mpunga. Mengine bado, na hapo naomba niwaeleze kwa nini, maana wengi hukosea hapa.

Kuna udongo wa chumvi na kuna udongo wa magadi. Ule wa chumvi ya kawaida, wenye ukoko mweupe, hutibika kwa maji na mtaro. Kanuni yake ni kwamba maji ya kina cha sentimita 30 yakipita katika udongo wa kina cha sentimita 30, huondoa karibu asilimia 80 ya chumvi iliyoyeyuka. Neno kubwa hapo ni “yakipita”. Yakisimama tu hayafui dafu. Na ni afadhali yawekwe kwa vipindi, yanywe, yawekwe tena, kuliko kujaza mara moja.

Udongo wa magadi ni jambo jingine. Magadi huutawanya udongo, chembe zikaziba vitundu, maji yakakataa kupenya. Ukilowa ni uji, ukikauka ni saruji. Ukiuosha kwa maji matupu unazidi kuuharibu, kwa sababu unaondoa ile chumvi nyingine iliyokuwa bado inaushikilia. Njia ya kuutambua ni rahisi, na kila chama kinaweza kuifanya leo. Chukueni donge dogo la udongo mkavu, mlitumbukize polepole katika glasi ya maji ya mvua, msilitikise, mliache hadi kesho. Maji yakibaki maangavu, udongo una nafuu. Yakivurugika kama maziwa kuzunguka lile donge, yashukuni magadi, na mpeleke sampuli kwenye maabara. Kituo cha utafiti cha Mlingano, mkoani Tanga, kina wataalamu wa udongo, na kile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro pia.

Dawa ya magadi ni jasi. Jasi hufukuza magadi kwenye chembe za udongo, kisha maji yanaweza kuyaosha. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu jasi inachimbwa Makanya, katika wilaya ya Same, na malori yanaipeleka kwenye viwanda vya saruji yakipita mbele ya macho yetu. Mkulima mmoja hawezi kununua tani kadhaa kwa eka, wala hana lori. Lakini hiyo ndiyo hasa kazi iliyofanya ushirika uanzishwe: wengi wanunue kwa pamoja kitu ambacho mmoja hakiwezi. Mpaka leo sijaona katika makisio ya chama chochote nilichokagua kifungu cha jasi. Vifungu vya posho za vikao nimeviona. Kiasi kinachohitajika kitajwe na maabara. Msikadirie kwa macho.

Mambo madogo yanayoweza kufanywa na mwanachama mwenyewe ni haya. Anayelima vitunguu au nyanya kwa matuta asipande kileleni mwa tuta, maana chumvi hukusanyika hapo. Apande ubavuni, karibu na mfereji. Amwagilie kabla ya kupanda ili mbegu ikute chumvi imesukumwa chini. Shamba lisawazishwe, kwa kuwa kila kichuguu hugeuka kisiwa cha chumvi. Asimwage majivu kwenye udongo wa magadi, hata kama nyanya yake alifanya hivyo mlimani kwa mafanikio. Penye magadi, mbolea ya salfeti ya amonia inafaa kuliko urea, ambayo hupotea hewani. Samadi ni njema, ila samadi ya mazizi ya nyika, iliyolala juani miaka, nayo ina chumvi. Iloweshwe na mvua kwanza.

Na maji ya ziada yahesabiwe, yasikisiwe. Kwa vitunguu vinavyomwagiliwa kwa maji ya kipimo cha 0.8, kiasi cha asilimia 15 ya maji yanayoingia inapaswa kupita chini ya mizizi na kutoka. Chini ya hapo chumvi inabaki. Juu yake mno, unamzamisha jirani na kupoteza maji ambayo mwenzako anayalilia. Nimesikia viongozi wakisema dawa ya chumvi ni maji mengi. Dawa ya chumvi ni mtaro. Maji ni chombo cha kuibebea.

Kwa upande wa vyama, katika ukaguzi ujao nitaomba kuonyeshwa vitu vitatu ambavyo sheria ya hesabu hainilazimishi kuviuliza. Kwanza, daftari la kipimo cha maji, yakipimwa langoni na mwisho wa mfereji, mara moja wakati wa masika na mara moja kiangazi. Chombo cha kupimia vyama vitatu vinaweza kukichangia. Pili, visima vya uangalizi: bomba la plastiki lenye matobo, limezikwa mita mbili au zaidi katika kila pembe ya skimu, na mtu mmoja wa kushusha kamba kila mwezi na kuandika maji yako umbali gani. Gharama yake ni ndogo kuliko kikao kimoja. Tatu, ramani ya madeni kama ile niliyoeleza. Mkiona alama zimekusanyika mahali pamoja, msiandike barua ya onyo kabla hamjakwenda kuliona shamba.

Kuhusu ada. Vyama vingi hutenga fedha za kusafisha mfereji mkuu, na siku ya kazi wanachama wote hutoka kwa sababu kila mmoja anataka maji. Mtaro wa kutolea maji husafishwa na wale wanaozama tu. Napendekeza ada ya maji igawanywe kwa maandishi, fungu la kuingiza na fungu la kutoa, na fungu la kutoa lilipwe na wote, hasa wa juu. Najua pendekezo hili halitapendwa na wajumbe wengi wa bodi, kwa kuwa nimeona pia, kwa ramani ile ile, kwamba wajumbe wa bodi kwa kawaida wana mashamba karibu na lango.

Limebaki swali gumu, nalo nilikuwa naulizwa na ndugu mmoja hapa kabla ya kikao: mtaro wetu uishie wapi? Usiishie kwenye mfereji wa chama cha chini yenu. Maji yanayotoka shambani yana chumvi mara kadhaa ya yale yaliyoingia, na kumpa jirani maji hayo ni kumhamishia deni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuchukua maji, na inaweka pia masharti kwa anayerudisha maji machafu mtoni. Kwa hiyo mtaro unaovuka mpaka wa chama si jambo la chama kimoja. Chama Kikuu kiwaite majirani wa juu na wa chini pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, wakae juu ya ramani moja kabla ya jembe kuingia ardhini. Vyama vya Kahe na vile vilivyo mkabala navyo ng'ambo ya mto vimekwisha kuniambia viko tayari kukutana wakati wowote baada ya mavuno. Ndugu Mwenyekiti, nakuomba upange tarehe.